Kigoda cha Bibi Nje ya Mlango

Nimetoka kanisani katikati ya misa, na sioni haya kukwambia. Ni sikukuu ya mashahidi, binti yangu anapokea komunyo ya kwanza, kanisa limejaa hadi watu wanakaliana, na padri mgeni aliyetoka Bujumbura ameshika maikrofoni anatuuliza kwa mara ya tano: "Na wewe, ungekubali kuchomwa moto, au ungekana?" Watu wanajibu kwa sauti moja kwamba wangekubali. Wanajibu upesi, kama walioulizwa chai au uji. Mama mmoja mbele yangu, aliyekataa kusogea hata kidogo kwenye benchi ili mzee apate kukaa, naye angechomwa. Hapo nikashindwa. Nikamnong'oneza aliye karibu nami kwamba naenda kupata hewa, nikapita katikati ya magoti ya watu, nikatoka.

Huku nje, kushoto kwa mlango, nimetafuta jiwe. Jiwe halipo. Wamemwaga saruji, na juu ya saruji wameegesha pikipiki, na wenye pikipiki wamekaa juu yake wanatazama simu zao huku wakingoja misa iishe wapate abiria. Mahali hapo hapo ndipo Bibi yangu alipokaa kila Jumapili ya utoto wangu, kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, mguu mmoja wa kigoda ukiwa juu ya jiwe lile kwa sababu ardhi iliteremka kuelekea ziwani. Misa nzima, jua au mvua, Bibi alikuwa nje. Unanijua nilivyo mwepesi wa kukasirika. Basi hasira yangu ya kwanza maishani niliipatia hapa.

Tulikaa Minago, Bibi na mimi, nyumba ya pili kutoka barabarani. Mama yangu alikuwa akifanya kazi Nyanza-Lac na alikuja pale tu barabara ilipopitika. Bibi alikuwa anakamua mawese. Ngazi, yaani matunda ya michikichi, zikishaiva tulizichemsha kwenye pipa tangu asubuhi, tukazitwanga, tukazikamua, kisha Bibi akaengua mafuta mekundu kwa kibuyu, polepole, kana kwamba hatuna kazi nyingine duniani. Kazi yangu ilikuwa kuanika makapi, zile nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, maana zikikauka huwaka vizuri kuliko kuni. Nywele zangu zilinuka mawese, daftari zangu zilinuka mawese, na mwalimu aliposahihisha hesabu zangu alifuta vidole kwenye suruali. Ukiongeza harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani nyuma ya nyumba, utaelewa kwa nini hadi leo nikipita sokoni pua yangu inanirudisha nyumbani kabla sijapenda.

Nyumba ya kwanza, ile ya barabarani, ilikuwa ya Mama Jirani. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Rumonge mjini, mwenye sauti ya kuita mitumbwi, na aliuza mandazi. Yeye na Bibi waligombana kila siku ya Mungu, na kila siku walikula sahani moja. Jumapili Bibi akipita na kigoda chake, Mama Jirani alikuwa keshasimama mlangoni na kijiko chake cha mandazi.

"Leo tena unakwenda kukaa nje? Wewe mwanamke, iko watu wanakuangalia."

"Waangalie. Macho ni yao."

Mimi nilikuwa nyuma, na gauni langu la Jumapili, natamani ardhi ipasuke.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba ndani ya kanisa Bibi alikuwa na nafasi yake. Benchi la mbele kabisa, upande wa wanawake, mwisho kulia, palikuwa patupu kila misa. Watu walisimama, watoto walikaa sakafuni, lakini hapo hapakuguswa. Babu yangu alikuwa katekisti wa kanisa hilo. Mwaka wa fujo, kabla Mama yangu hajajua hata kutembea, watu wenye silaha walikuja wakauliza katekisti ni nani. Babu akasema, ni mimi. Wakaondoka naye, na hadi leo hatujui kaburi lake. Kwa hiyo kila sikukuu ya mashahidi, baada ya kusimuliwa wale vijana wa Uganda waliokataa kuikana dini yao mbele ya mfalme wakafungwa kwenye mikeka na kuchomwa, katekisti wa wakati wetu alinyoosha kidole kwenye ile nafasi tupu na kusema, "Hata sisi hapa iko shahidi wetu, na mke wake iko hai." Watu wote wakageuka kutazama mlangoni. Huko nje Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua maharage.

Watoto waliniuliza kama Bibi yangu amefukuzwa. Wengine walisema anaringa. Nikamuuliza mwenyewe, si mara moja. "Bibi, kwa nini hauingii?" Jibu lake lilikuwa lile lile: "Hapa ninasikia vizuri." Na hakuwahi kukomunika, hata Krismasi, hata Pasaka. Mtu aliyesali rozari asubuhi na jioni, aliyejua nyimbo zote za Kirundi hadi ubeti wa mwisho, hakuwahi kufungua mdomo mbele ya padri.

Nilipofika miaka tisa niliandikwa kwenye daftari la komunyo ya kwanza. Tulikuwa tuipokee Jumapili inayofuata sikukuu ya mashahidi. Na mwaka huo huo nilichaguliwa kuwa shahidi mdogo kuliko wote katika mchezo uliochezwa uwanjani baada ya misa. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Mkeka uliobaki ulikuwa mfupi.

Sasa nikwambie kuhusu katekisti wetu. Alikuwa mtu wa milimani, mrefu, mwenye koti moja alilolivaa hata kwenye joto la saa saba, na kila mwaka mfalme alikuwa yeye. Hakumwachia mtu. Alijifunga kitenge begani, akavaa taji alilolitengeneza kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akapaza sauti hadi kuku wakakimbia. Alituuliza kila mmoja mara tatu, "Unakana?" na sisi tulitakiwa kujibu mara tatu, "Sikani!" Na alitaka moto wa kweli. Si moto wa kuunguza, hapana, alitaka kirundo kidogo cha makapi ya mawese pembeni yetu kitoe moshi, watu wasisimke. Makapi yalitoka kwa Bibi, mimi ndiye niliyeyabeba kichwani.

Alikiweka kirundo upande wa ziwa. Mama Jirani, aliyekuwa amekuja kutazama na beseni lake la mandazi, akamwambia kwa upole, na upole haukuwa kawaida yake, "Mwalimu, upepo wa ziwa utageuka kabla ya saa sita. Moshi wote utakuja kwa watoto. Weka huku juu." Mtu yeyote wa pwani hii anajua kwamba asubuhi upepo unakwenda majini na mchana unarudi nchi kavu. Katekisti akamjibu, "Mama, mambo ya kanisa tuachie sisi."

Misa ikawa ndefu. Tulipofungwa kwenye mikeka jua lilikuwa utosini na upepo umeshageuka zamani. Wakawasha. Makapi ya mawese yana mafuta, moshi wake ni mzito na mchungu, unashika koo. Mfalme akaniuliza mara ya kwanza, nikasema sikani. Mara ya pili nilikohoa tu. Mara ya tatu sikuona taji, sikuona mtu, mikono yangu ilikuwa imefungwa ndani ya mkeka na machozi yakinitiririka, nikapiga kelele, "Ninakana! Ninakana, nitoeni!"

Uwanja mzima ulicheka. Wengine walicheka hadi wakakaa chini. Mtu mmoja tu hakucheka. Bibi alinyanyuka, kigoda kikaanguka, akapita katikati ya watu kama hakuwaona, akaufungua ule mkeka na kunifuta uso kwa kitenge chake.

Katekisti akaja na taji bado kichwani. Akafungua daftari pale pale na kukata jina langu. Mtoto aliyekana mbele ya watu, siku ya mashahidi, alisema, hawezi kukomunika Jumapili, angoje mwaka ujao.

"Wewe ndiye uliyemuuliza," Mama Jirani akamwambia. "Umemuvutisha moshi, umemuuliza kama anakana, amekana, sasa unamukasirikia?"

Hadi leo sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Lakini katekisti alikuwa ameshafunga daftari. Ndipo Bibi akasema, bila kupaza sauti, "Mufute na mimi."

"Wewe haumo humu, Mama. Wewe ni mke wa shahidi."

"Basi andika jina langu, kisha ulifute."

Bibi akashika bega langu na kuyasema yote, uwanjani, mbele ya wale waliomwekea nafasi miaka yote hiyo. Alisema kwamba walipomaliza kumchukua mume wake walirudi kumtafuta yeye. Mama Jirani akamvalisha nguo zake, akamfunga mtandio, akampa jina la dada yake, wakatoka pamoja kuelekea Rumonge, Mama yangu akiwa mgongoni.

"Tukafika kwa bariyeri, pale walifunga barabara. Mwanaume mumoja alikuwa ameshika rozari. Ilikuwa ya mume wangu, ninaijua, musalaba wake ulivunjika mukono mumoja. Akaniuliza, hii ni ya nani? Nikasema sijui. Akaniuliza, ni kitu gani? Nikasema sijui, kwetu hatuna vitu hivi. Akaniuliza, mume wako ni nani? Nikataja mume wa huyu." Akamwonyesha Mama Jirani. "Mume wangu aliulizwa mara moja, akasema ndiyo. Mimi niliulizwa mara tatu. Sasa ile nafasi ya mbele munaniwekea ya nini?"

Padri wetu mzee alikuwa amesimama mlangoni pa sakristia, amesikia. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Akamwambia katekisti arudishe jina langu, kwa sababu mtoto huyu hakumkana Mungu, amekana moshi. Kisha akamwendea Bibi. "Mama, kwa miaka yote hii? Hili ni jambo la dakika tano. Jumamosi njoo uungame, useme unajuta, Jumapili ukomunike na mjukuu wako."

Wiki ile sikulala vizuri kwa furaha. Niliona kila kitu: Bibi kwenye ile nafasi ya mbele, mimi na gauni jeupe, tukienda altareni pamoja. Niliosha kigoda nikakiweka juu ya kabati, kwa kuwa hatungekihitaji tena.

Jumamosi tukamsindikiza, mimi na Mama Jirani. Tukangoja kwenye jiwe lile. Bibi hakukawia. Alitoka akifunga kitambaa chake, uso mkavu, na nyuma yake padri mzee akasimama mlangoni na stola yake ya kuungamishia mkononi, akatutazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

"Tumeshindwana," Bibi akasema.

"Mumeshindwana nini?"

"Anataka niseme ninajuta."

"Si useme!" Mama Jirani alikaribia kulia. "Neno moja, mwanamke, neno moja tu, urudi kula na Mungu wako."

"Sijuti. Siku ile ikirudi kesho, nitasema vile vile. Mutoto alikuwa mugongoni. Sasa niingie ndani ya nyumba ya Mungu nimudanganye?"

Alituambia padri alijaribu kila njia. Alimwambia ajutie maneno tu, asimjutie mtoto. Bibi akamjibu kwamba maneno na mtoto vilipita bariyeri pamoja. Mama Jirani akapiga makofi ya kukata tamaa. "Mwaka ule nilikufundisha kusema uongo kwa dakika mbili, ukajua. Leo umesahau?"

"Ule niliwaambia watu wale. Huyu ni padri."

Wakarudi nyumbani wakigombana njia nzima. Mimi niliwatangulia ili wasione ninavyolia. Usiniambie nilikuwa mtoto sikuelewa. Nilielewa sana. Bibi alikuwa na mlango wazi mbele yake, na ufunguo wake ni neno dogo, na hataki. Nani asingekasirika?

Jumapili nikakishusha kigoda mwenyewe kutoka kabatini. Nilipokea komunyo na wenzangu tukiwa mstarini, mikono imefumbwa. Ile nafasi ya mbele ilikuwa bado tupu, hakuna aliyethubutu kukaa hata baada ya yale yaliyosemwa. Nikaitazama. Badala ya kurudi kwenye benchi nikanyoosha moja kwa moja hadi mlangoni, mdomo umefungwa, hostia juu ya ulimi, nikatoka. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Mama Jirani alikuwa amekaa karibu naye kwenye jiwe, kwa kuwa siku hiyo hakutaka kumwacha peke yake. Nikaitoa hostia mdomoni. Ilikuwa imeshalainika. Nikaikata kwa vidole na kumnyooshea nusu.

Najua. Usinisomee sheria, nilifundishwa zote, ningeweza kukutajia kwa namba. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekasirika.

Bibi aliitazama. Sijui ni muda gani, lakini ndani walimaliza ubeti mmoja wakaanza mwingine. Akainamisha kichwa karibu na vidole vyangu. Nilidhani atafungua mdomo.

"Meza," akasema.

"Ni nusu yako."

"Meza, mutoto. Iko yako yote."

Akaushika mkono wangu akaurudisha mdomoni mwangu mwenyewe. Nikameza nikilia. Kisha akavifuta vidole vyangu kwa kitenge chake, kimoja kimoja, hadi chini ya kucha, hata chembe isipotee, akakivua kile kitenge na kukikunja mara nne, sehemu aliyonifutia ikiwa ndani. Alirudi nyumbani na gauni la ndani tu, yeye ambaye hakuwahi kutoka bila kitenge. Hakukifua kamwe na hakukivaa tena. Kilikaa kwenye sanduku lake, chini kabisa.

Miaka ikaenda. Mama Jirani akatangulia, na Bibi akamlilia kama pacha wake. Kisha ikawa zamu ya Bibi. Padri alikuwa mwingine, kijana, aliyekuja na pikipiki na kisanduku chake cha komunyo. Bibi akaungama kwa sauti nikisikia chumba cha pili, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameisha na alidhani ananong'ona. Alijutia hasira zake, alijutia hata kuku wa Mama Jirani aliyempiga jiwe akafa. Akafika kwenye lile. "Hilo hapana, Padri." Yule kijana akabembeleza, akaeleza, akatokwa jasho, mwishoni akampaka mafuta ya wagonjwa na kuniomba nijaribu mimi.

Nikajaribu. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikamwomba. "Bibi, sema tu unajuta." Akatikisa kichwa. Nikamwomba tena, kwa ukali sasa, nikamwambia anatuchosha, anajichosha, Mungu mwenyewe amechoka. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikamshika mikono nikamwambia, "Neno moja, Bibi, kisha unapumzika." Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu. Ilikuwa ya yule katekisti mwenye taji la karatasi, anamuuliza mtoto aliyefungwa kwenye mkeka. Nikaiachia mikono yake.

Padri akaondoka na kisanduku chake. Bibi akaomba kile kitenge. Nikakitoa chini ya sanduku, kimekunjwa mara nne vile vile, nikakiweka chini ya shavu lake. Alikufa nacho, na tulimzika nacho.

Basi leo nimesimama hapa katikati ya pikipiki. Nyumba yetu na ya Mama Jirani zimeliwa na maji tangu ziwa lilipopanda, imebaki misingi na matete. Michikichi yetu imekatwa. Mchezo wa mashahidi siku hizi wanauchezea ndani, na moto wao ni karatasi nyekundu iliyowekewa taa chini, hakuna wa kukohoa, ndiyo maana hakuna wa kukana. Na ile nafasi ya mbele, mwisho kulia, iliyomngoja Bibi maisha yake yote, leo nimeona amekaa mgeni rasmi, na simu yake ikilia.

Nimemwomba kijana wa pikipiki ya mwisho aisogeze. Akaniuliza, "Mama, iko mutu anakuja hapa?"

"Iko."

Akaisogeza. Nikavua kitenge changu cha juu nikakitandika juu ya saruji nikakaa, na saruji ina moto. Sasa hivi binti yangu ametoka, na gauni lake jeupe, amekunja uso, ananitafuta. Aliponiona amekuja akisema yale niliyojua atayasema, kwamba nimemwaibisha, kwamba wenzake wote mama zao wako ndani, kwamba kwa nini nakaa nje kama niliyefukuzwa.

Nimemwambia akae. Amekataa, gauni litachafuka. Nimemwambia tena, na kwa kuwa naye ni mkaidi, na najua ukaidi huo kautoa wapi, nimemsogezea nafasi nikamwambia hapa panasikika vizuri.